Siku Mashine Ilipoyakataa Maembe ya Baba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sioni sababu ya kuficha. Mama yangu husema nilipozaliwa nilimtazama mkunga kama mtu aliyenichelewesha safari. Basi ukiniuliza siku ile ghalani Mitwero nilipiga kelele kiasi gani, nitakuambia nilipiga mpaka sauti ikanikauka, na nyingi niliipigia mashine, kitu kisicho na masikio.

Ghala lenyewe liko pembeni mwa mji wa Lindi. Mwenye ghala ni mfanyabiashara wa Kihindi, wa ukoo wenye duka mjini tangu enzi za mababu zao, na ndiye aliyeleta ile mashine ya kuchagua matunda. Redioni wanasema ni akili mnemba. Sisi mashine hiyo tuliipa jina la Mheshimiwa, maana asubuhi mnaweza kuwa mmefika wote, maembe yapo, lori lipo, na kazi haianzi mpaka yeye aamke. Embe linapanda kwenye mkanda, linapita chini ya sanduku lenye taa kali na kamera, halafu mkono wa chuma wenye vikombe vya mpira unalinyonya na kuliinua. Taa ya kijani ikiwaka, linalazwa kwenye kreti taratibu kama yai. Ikiwaka nyekundu, linaachiwa kwenye bomba pana linaloteremka hadi kwenye pipa la makapi. Wanunuzi wa nje walikuwa wamesema wazi kwamba wanachukua kilichopita kwenye mashine tu.

Zamani kazi hiyo tuliifanya kwa mikono, wanawake peke yetu tumeizunguka meza ndefu, tunachagua huku tunasengenya. Mashine ilipokuja alitakiwa mtu wa kuifundisha. Kwa kuwa nimesoma hadi kidato cha nne na kompyuta siiogopi, nikachaguliwa mimi. Msimu mzima niliionyesha maembe: hili zima, hili limechubuka, hili lina ukungu, hili limedungwa na inzi. Ilipoelewa, wenzangu wa mezani wakahamishiwa kwenye kuosha kreti. Mmoja wao alikuwa mama yangu mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi pale. Tangu hapo tulibaki na salamu tu. Shikamoo, marahaba, kila mtu na njia yake.

Sasa Baba. Baba ana shamba la miembe Kiswere, nyuma ya kijiji, dodo tupu, aliyoipanda kabla sijazaliwa. Kila mwaka alikuwa anauza maua. Huko kwetu dalali huja miembe ikiwa imechanua, anauzunguka mti mikono nyuma, anataja bei, mkikubaliana mti unakuwa wake mpaka mavuno. Utakachopata ni kile kile, hata ukizaa mpaka matawi yaguse chini. Nimekua nikimwona Baba amekaa barazani anatazama maembe yake yakipakiwa na watu wengine, na roho ikiniuma kila mwaka kama ndiyo mara ya kwanza.

Mwaka ule nikamkaba koo. Nilimpigia simu asubuhi, nikampigia jioni. "Baba, usiuze maua. Subiri yakomae, uyalete Mitwero, mashine iyapime. Embe zuri litaitwa zuri, basi."

"Hiyo mashine inajua embe?"

"Mimi ndiye niliyeifundisha, Baba."

Hilo ndilo lililomlainisha. Alimwambia dalali hapana, na dalali akaondoka amevuta mdomo, akaenda kununua maua ya majirani, akaapa asitafutwe tena. Kwa hiyo ikawa hivi: mavuno yote ya mwaka, na Baba hana mlango mwingine wa kubisha. Msimu wa maembe, Lindi nzima inanuka maembe. Utamuuzia nani? Mbuzi wenyewe wanayaruka. Ama mashine iyakubali, ama yaharibike yote, tena kwa sababu ya maneno yangu.

Kabla ya kuvuna alikuja siku moja kuiangalia. Nilikuwa na kazi nyingi, nikamwacha atembee ghalani peke yake. Alisimama sana penye kreti zilizokuwa tayari kwa safari. Maembe yale yalikuwa yameshapita kwenye mashine na kupakwa nta, yanang'aa kama viatu vya Idi. Alilishika moja, akaligeuza.

"Ndivyo wanavyoyataka?"

"Ndivyo, Baba," nikamjibu, na simu yangu ikawa inaita, nikaenda kupokea.

Siku yenyewe alifika asubuhi na Kanta, lori dogo la kukodi, iliyojaa kreti, zimefunikwa majani ya mgomba na shuka juu yake. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia yake ya vito, na haikuwa Ijumaa. Nikatoka kumpokea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako anakusalimu. Anasema leo ndiyo leo."

Nilimtafutia kiti na soda baridi, nikamweka mahali ambapo angeiona mashine vizuri. Nilitaka aone. Hilo nalisema kweli: nilitaka anione mimi pia, nimekaa mbele ya skrini kwenye kiti changu cha kuzunguka. Nje, dereva wa lori la barafu la kwenda Dar alikuwa ameshatuambia kwamba akiswali alasiri tu anawasha gari, mzigo uwepo usiwepo.

Wakati vijana wa kupakua wanafunua kreti, mama mdogo alipita na ndoo yake. Kwa Baba yeye ni shemeji, na utani wao ni wa miaka.

"He! Shemeji! Umetuletea maembe au maharusi?"

"Maharusi, shemeji. Na mahari yake kubwa, uwaambie."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mashine, nilisikia kicheko tu, maembe yenyewe sikuyaona. Nikabonyeza, mkanda ukaanza kutembea.

La kwanza, nyekundu. Sikushtuka, la kwanza ni la kwanza. La pili nyekundu. La tatu nyekundu. Mkono wa chuma ulikuwa unakwenda kulia, bombani, unarudi, unakwenda kulia tena. Tulikuwa tumezoea kuusikia ukienda kushoto. Mlio ule mimi nilikuwa naujua kama pumzi zangu, na sasa ulikuwa umegeuka. Puu, bombani. Puu. Watu wakaanza kusogea kuangalia, mmoja mmoja.

Nikasimamisha mkanda.

"Fundi!" nikaita. "Fundi, njoo uione mashine yako!"

Fundi wetu alikuwa mtu wa Dar, amefuatana na mashine tangu ilipofungwa, kazi yake anaijua na maneno yake ni ya Kariakoo. Alifuta vioo vya kamera, akaizima, akaiwasha, akachukua embe kutoka kwenye mzigo wa mtu mwingine na kuliweka. Kijani. Akaweka la Baba. Nyekundu. Akarudia. Kijani. Nyekundu.

"Sista, mashine iko freshi," akasema. "Ishu ni mzigo."

"Mzigo? Unaita mzigo? Huo ni mwaka mzima wa baba yangu, wewe!"

"Sasa unanifokea mimi? Mimi ndiye embe?"

Tukaendelea kujaribu. Tulipunguza kasi, tukapandisha taa, tukashusha taa. Nyekundu. Mengine sasa yalikuwa yanauponyoka mkono hata kabla ya kufika bombani, yanadondoka sakafuni na kupasuka, na kila lilipopasuka nilihisi mtu ananipiga kofi.

Baba aliinuka. Alikwenda kwenye pipa la makapi, akaokota embe moja, akalifuta kwa pindo la kanzu, akaja nalo mpaka kwangu.

"Hili kosa lake nini?"

Nikatazama skrini. Skrini iliandika daraja la tatu. Ndicho inachoandika. Inakuambia embe ni la daraja gani, haikuambii imeona nini.

"Subiri, Baba."

Akarudi. Akaja na lingine. Lilikuwa zuri, wallahi, embe la kuweka mbele ya mgeni. "Na hili, kosa lake nini?"

"Subiri kidogo, Baba, tunaangalia."

Alipokuja na la tatu nilikuwa nimeinama chini ya sanduku la kamera na fundi ananiambia hili na lile, jasho linaniingia machoni, na dereva huko nje amepiga honi. Hata hakuwahi kumaliza kuuliza.

"Baba, si nimesema subiri!"

Ghala zima lilisikia. Mama mdogo alisikia. Baba alilitazama lile embe mkononi, akaenda kulirudisha kwenye pipa kwa utaratibu, asije akalichubua, kisha akarudi kukaa kwenye kiti chake. Hakuja kuuliza tena. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi nayo ina kazi zake, na mkanda ulikuwa unanisubiri.

Nikaokota moja lililoanguka karibu na mguu wangu. Likaniteleza. Nikaliokota tena, likateleza tena, likaniacha na vidole vinavyong'aa. Nikanusa vidole. Nazi.

Ala! Nilisimama pale nimeduwaa, mkono puani, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali. Nikaenda kwa Baba, nikachuchumaa mbele yake.

"Baba, haya maembe mmeyapaka nini?"

"Mafuta," akasema, kama vile nimemuuliza jambo la wazi. "Mafuta ya nazi. Mama yako kayapika mwenyewe. Tumeyapaka mimi na yeye na majirani, moja moja, kwa kitambaa. Si ndivyo mnavyoyataka? Nimeyaona ya kwenu yanang'aa."

Kwetu Kiswere embe la kupeleka ukweni hupakwa mafuta ya nazi. Hupeleki embe lenye vumbi na utomvu mbele ya wakwe, watasema mmelelewa wapi. Nyumba nzima hukaa mkekani na vitambaa, mnapaka, mnapanga, mnasifia. Mimi mwenyewe niliposwa, maembe niliyopelekewa yalikuwa yanang'aa hivyo hivyo. Na kati ya maembe yote niliyoionyesha ile mashine, hata siku moja sikuwahi kuionyesha lililopakwa mafuta. Nta yetu hupakwa mwisho, embe likishapita. Yale ya Baba yaliingia chini ya taa kali na mafuta yake, kila shavu likarudisha mwanga mweupe kwenye kamera, na Mheshimiwa akaona ugonjwa mtupu. Vikombe vya mpira navyo havikupata pa kushika.

Nilicheka, halafu machozi yakanitoka, vyote pamoja. Nikamweleza fundi.

"Duh," fundi akasema, akaangalia saa ya ukutani. Adhuhuri ilikuwa imeshaswaliwa zamani. "Kuosha hayo yote leo? Haitoboi, sista." Akanisogelea, akashusha sauti. "Lakini tumeshajua ni mafuta tu. Maembe yako poa. Naweza nikaizima macho, mkanda ukapitisha kila kitu. Nusu saa tumemaliza, mzee anaondoka na furaha yake."

Sitajifanya malaika hapa. Nilitaka. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye skrini, penye sehemu ya kuzima kamera, na hakuna mtu duniani angejua. Ila nilijua pia kwamba chini ya mafuta yale huenda kuna embe limedungwa na inzi, na likifika huko liendako na funza ndani, linarudishwa lori zima, pamoja na maembe ya watu wa Likawage waliokuwa wamelala njiani kuyaleta. Nikasimama hivyo hivyo, kidole hewani.

Fundi akamgeukia Baba. "Mzee, ukisema sawa, tunapitisha sasa hivi bila kupima."

"Ya wenzangu yalipimwa?" Baba akauliza.

"Yalipimwa."

"Basi na yangu yapimwe. Nimetoka Kiswere yapimwe, sikutoka yapitishwe."

Nikaondoa kidole.

Tangi la kuoshea lilikuwepo, sabuni ilikuwepo, maji yalikuwepo. Mikono ndiyo haikuwepo. Embe la mafuta halioshwi na mtu mmoja. Lazima lisuguliwe, lisuuzwe, likaushwe kabisa, maana hata tone la maji linang'aa chini ya taa ile. Nikaenda kule nyuma kwa wenzangu wa zamani, nikamsimamia mama mdogo mbele.

"Mama mdogo, nakuomba. Nisaidieni kuosha."

Hakuinua macho kutoka kwenye kreti. "Mwambie Mheshimiwa aoshe."

"Mama mdogo, dereva anaondoka."

"Aondoke salama. Sisi si tuliambiwa mikono yetu haina kasi? Mwambie anyooshe ule mkono wake wa chuma, una kasi."

Hasira zilinipanda mpaka kwenye nywele. Nilikuwa na jibu, tena jibu la kukata, lilikuwa limefika hapa kwenye ncha ya ulimi, na ningelitoa, najijua. Lakini nikasikia maji. Nikageuka. Baba alikuwa amevua kanzu yake, ameitundika kwenye msumari, amebaki na singlendi na suruali, mzee wa watu, ameinama juu ya tangi anasugua embe lake la kwanza. Mgongo wake sikuwa nimeuona siku nyingi. Ulikuwa umekonda.

Mama mdogo naye aliuona.

"Lo, shemeji!" akapiga kelele. "Unataka dada yangu aniulize nilikuwa wapi? Toka hapo, utalowa!" Akatupa kreti, akajifunga kanga kiunoni. "Haya nyie, mnangoja tarumbeta? Njooni!"

Wakaja wote. Wawili wanasugua, wawili wanasuuza, wengine wanafuta kwa kanga zao kavu walizokuja nazo za kubadilisha. Baba aliambiwa akae, akakataa, akawa anapokea yaliyofutwa na kuyapanga. Nilirudi kwenye skrini, nikaweka embe la kwanza lililooshwa.

Likaingia chini ya sanduku. Pale huwa linakaa kitambo kidogo cha kupepesa jicho. Mimi nakuambia kitambo kile kilikuwa kirefu kuliko asubuhi yote. Nilisema bismillahi kwa sauti.

Kijani. Mkono ukaenda kushoto.

Mama mdogo akapiga kigelegele kilichorudi kutoka kwenye mabati, na wenzake wakamjibu. Na la pili kijani. Na la tatu. Kisha ikawa kazi, kazi ya mbio, maji yametapakaa sakafuni, watu wanagongana, fundi amekunja suruali anabeba kreti kwenda kwenye nta na kwenye lori. Nyekundu zilikuwepo. Sasa nikiliokota la nyekundu niliona mwenyewe: hapa inzi, hapa ukungu, hapa limegonga tawi. Mara mbili niliinua embe la namna hiyo juu ili Baba aone, nimwonyeshe kwa kidole kosa lake. Aliitikia kwa kichwa tu kutoka kule aliko, akaendelea kupanga.

Dereva aliswali alasiri, akarudi, akawasha gari. Mama mdogo alikwenda kusimama mbele ya lori na beseni kichwani, akamwambia amkanyage kwanza. Tukapakia ya mwisho dereva akitukana kimoyomoyo, milango ikafungwa, lori likatoka. Karibu maembe yote ya Baba yalikuwa humo ndani, yamepimwa, yameitwa mazuri. Wanawake wakakaa chini pale pale kwenye maji. Mama mdogo aliniangalia, akasema, "Kichwa ngumu wewe," na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza yasiyo salamu wala kijembe tangu tuachane. Niliyapokea kwa mikono miwili.

Nikamsindikiza Baba kwenye Kanta. Alikuwa amevaa kanzu yake tena, nayo imemganda mgongoni kwa maji. Mimi nilikuwa sijijui kwa furaha.

"Baba, umeona? Yamepita!"

"Nimeona, mwanangu. Alhamdulillahi."

"Mwakani mtayaleta bila mafuta, asubuhi na mapema, hata jasho hatutatoka."

Alipanda, akafunga mlango, akakalisha kofia vizuri. Dereva wake akawasha gari.

"Mwakani nitauza maua."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kwa yule mwizi? Baba! Yule anayekuibia kila mwaka?"

"Ananiibia," akasema. "Najua ananiibia. Lakini yule akilikataa embe langu ananionyesha kidole ameona nini. Nami nambishia, tunagombana, yanakwisha. Leo nimeuliza kosa la embe langu mara tatu, na wa kuniambia alikuwa wewe, uliyeifundisha mwenyewe. Ulikuwa hujui." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira, hizo nazijua. "Nilikaa kwenye kile kiti, mwanangu, nikayasahau maembe. Nikawa nakuogopea wewe, unayejibia kitu ambacho chenyewe hakikujibu."

Akanigusa kichwani kupitia dirishani, kama anavyofanya siku zote tukiagana, na Kanta ikaingia barabarani kuelekea Kiswere. Mimi nilirudi ghalani, nikaenda penye pipa la makapi, nikaokota embe moja, nikaligeuza kutafuta kosa lake.